Unakaa Wapi? Historia ya Mlango Usiouliza Alama

Kuna shule inayokuuliza umepata divisheni ngapi, na kuna shule inayokuuliza unakaa wapi. Sisi huku tumeizoea ile ya kwanza. Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, mtoto wa mtu anajua siku hiyohiyo kama dunia imemkaribisha au imembamizia mlango. Leo, msomaji mwenzangu, nataka twende Marekani tukaitazame ile ya pili, maana vijiweni tunaisikia kwa sifa tu: eti majuu kuna vyuo havitaki alama, ukifika unapokelewa. Ni kweli kabisa. Lakini habari haiishii hapo, na kile kipande kisichosimuliwa kijiweni ndicho chenye uchungu.

Vyuo vyenyewe huitwa vyuo vya jamii. Kisa chake kinaanzia Joliet, mji wa reli na viwanda vya chuma usio mbali na Chicago, mwaka 1901. J. Stanley Brown, msimamizi wa sekondari ya pale, alikuwa na vijana waliomaliza masomo wakakosa uwezo wa kuondoka nyumbani kwenda chuo kikuu. Aliyeshauriana naye ni William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, na huyu bwana alikuwa na hesabu zake mwenyewe. Alitaka ile miaka miwili ya mwanzo ifundishwe kwingine, ili chuo kikuu kibaki na kazi ya juu. Wakaafikiana. Darasa likaanza na wanafunzi sita, humohumo ndani ya sekondari. Sita, bwana! Daladala moja tu lingewabeba na nafasi ikabaki ya kupakia mizigo.

Basi tangu siku ya kwanza palikuwa na nia mbili chini ya paa moja. Brown alitaka mtoto wa Joliet asome na jioni arudi kula kwao. Harper alitaka msongamano upungue mlangoni kwake. Mimi naona ugomvi wote uliofuata umetokana na mimba hiyo ya mapacha. Na hilo neno "mtoto wa Joliet" lishike vizuri, maana ndipo anwani ilipoingia shuleni.

California ikafuata. Sheria ya mwaka 1907 iliziruhusu sekondari za jimbo hilo kufundisha masomo ya juu ya sekondari, na mwaka 1910 mji wa Fresno ukafungua chuo chake. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, askari wakarudi wakiwa na haki ya kusomeshwa kwa sheria ya mwaka 1944, na tume iliyoteuliwa na Rais Truman ikatoa ripoti mwaka 1947 ikitaka vyuo hivi vienezwe nchi nzima. Jina la "chuo cha jamii" lilishika kuanzia hapo. Kisha ukaja mwaka 1960, mwaka ambao California iliandika mpango wake mkuu wa elimu ya juu. Hapa ndugu yangu tulia kidogo, kwani sijapata kuona serikali ikigawa watoto wake kwa namba waziwazi namna hii: asilimia 12.5 wa juu kabisa waende Chuo Kikuu cha California. Theluthi ya juu waende vyuo vikuu vya jimbo. Na wote waliobaki, yeyote anayeweza kunufaika na masomo, apokelewe chuo cha jamii. Una cheti cha sekondari, karibu. Huna cheti lakini umetimiza miaka 18, karibu pia. Ada, hakuna.

Sisi wenye ndoto za kuandika tuna sababu ya kuupenda mlango huo. Octavia Butler alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Baba alikuwa mpiga rangi viatu, akafariki binti akiwa mdogo. Mama alifanya kazi za ndani kwa Wazungu, akiingilia milango ya nyuma. Mtoto mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye haya, na kusoma kulimpa tabu. Sasa huyo, kwa utaratibu wa mitihani yetu, tungemwona wapi? Mchana alifanya kazi, usiku alisoma katika chuo cha jamii cha Pasadena, akamaliza mwaka 1968. Mwaka 1979 alitoa Kindred, riwaya ya mwanamke Mweusi anayevutwa na wakati hadi zama za utumwa, na leo watu wanafanya utafiti wa shahada kuhusu vitabu vyake. Hakuulizwa alama kubwa wala kulipishwa ada. Aliulizwa anwani, na anwani yake ilikuwa Pasadena.

Nani alikuwa akilipa, basi? Jirani. Vyuo hivi viliendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majengo ya wilaya ile ile. Mwenye duka, mwenye nyumba, hata mpangaji ambaye kodi yake ya pango ilikuwa imeshabeba kodi ya serikali ndani yake, wote walitia mkono kwenye sufuria moja. Na watu waliochangia sufuria huwa wanatazama nani anashika sahani. Katika jimbo la Illinois, lilikozaliwa wazo la mzee Brown, mpaka leo ada ina ngazi tatu: mkazi wa wilaya ya chuo, mkazi wa wilaya nyingine ndani ya jimbo, na mtu wa nje ya jimbo. Darasa lile lile, mwalimu yule yule, bei tatu.

New York nayo ina utaratibu wake, na ukiusoma utacheka kwa kuufahamu. Mwanafunzi anatakiwa apeleke hati ya ukazi kutoka ofisi ya fedha ya kaunti yake, kuthibitisha kwamba ameishi jimboni mwaka mzima na katika kaunti miezi sita. Kwa hati hiyo kaunti yake inakilipa chuo sehemu ya gharama. Asipoileta, ada inapanda maradufu. Hiyo si barua ya serikali ya mtaa hiyo? Ile ya kwenda kupanga foleni kwa mwenyekiti, umkose, urudi kesho? Wazungu nao wanayo, tofauti ni rangi ya mhuri.

Huko California sufuria lilitoboka tarehe 6 Juni 1978. Wananchi walipiga kura kuibana kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na vyuo vikajikuta vinategemea hazina ya jimbo. Mwaka 1984 ada ikaanza kwa mara ya kwanza: dola 5 kwa yuniti, yaani kile kipimo wanachohesabia masomo. Mwaka 2012 ilifika dola 46, na hapo ndipo ilipo. Mwanafunzi mkazi anayechukua yuniti 15 kwa muhula analipa dola 690. Asiye mkazi analipa hizo hizo, na juu yake ada ya ugeni, ambayo katika vyuo vingi hupita dola 300 kwa kila yuniti. Piga hata kwa 300 kamili: jumla ni dola 5,190. Wamekaa dawati moja, wanaazimana kalamu.

Sasa mkazi ni nani? Sheria ya California inataka mambo mawili: uwe umeishi jimboni zaidi ya mwaka mmoja, na uwe na nia ya kubaki. Mwaka unahesabika kwa kalenda. Nia je? Nia ya mtu iko moyoni, na karani wa chuo hana kipimo cha moyo. Kwa hiyo anatafuta karatasi: leseni ya udereva, fomu za kodi ya mapato, kadi ya mpiga kura, usajili wa gari. Mwenye karatasi ana nia. Na tazama ubishi wa mahakama. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kumsubirisha maskini mgeni mwaka mzima ndipo apewe msaada wa kujikimu. Mwaka 1971 mahakama hiyohiyo ikaiachia Minnesota iwasubirishe wanafunzi wageni mwaka mzima ndipo walipe ada ya wakazi. Yaani tumbo lisisubiri, kichwa kinaweza kusubiri. Sijui kama walioamua walishawahi kukaa mtaani mwaka mzima baada ya shule. Mwaka huo mmoja unatosha mtu kusahau alikuwa anataka kuwa nani.

Kama ningekuwa nasaka mhusika wa riwaya katika mambo haya, ningemchukua Bi. Kline wa Connecticut. Alitoka California, akaolewa na kijana mzaliwa wa Connecticut, akahamia kwa mumewe. Alikuwa na leseni ya Connecticut, gari limesajiliwa Connecticut, amejiandikisha kupiga kura Connecticut. Chuo kikuu cha jimbo kikamwambia: ulipoomba nafasi anwani yako ilikuwa ya nje, umeshaolewa, basi wewe ni mgeni mpaka utakapomaliza masomo. Sheria haikumpa hata nafasi ya kubisha. Akaenda mahakamani yeye na mwenzake, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba huwezi kumwita mtu mgeni milele bila kumsikiliza. Warudishiwe pesa zao. Kesi ilikuwa ya chuo kikuu, lakini vyuo vyote vya umma, vya jamii vikiwemo, vilikoma kuwa na ugeni usiofutika. Nafasi ya kujieleza ikapatikana. Ule mwaka wa kusubiri haukuguswa.

Bado kulikuwa na kundi ambalo hata likijieleza vipi halisikiki: watoto walioletwa Marekani na wazazi wasio na vibali. Wilaya moja ya shule huko Tyler, Texas, iliwatoza dola 1,000 kwa mwaka ili wakae darasani, shule ambayo kwa wenzao ilikuwa bure. Tarehe 15 Juni 1982 Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ikasema mtoto asiadhibiwe kwa safari ya mzazi. Lakini hukumu ile iliwavusha mpaka mwisho wa sekondari tu. Siku ya mahafali mtoto anavaa joho, anapigwa picha na shangazi zake, na kesho yake anaambiwa mji aliokulia si kwao.

Mwaka 1996 serikali ya taifa ilikaza kamba: jimbo lisimpe asiye na kibali nafuu ya elimu ya juu kwa sababu ya ukazi, ila kama na raia wa Marekani kutoka jimbo lolote anaipata nafuu hiyo. Hapo wanasheria wakakuna vichwa, na California ikatoka na ujanja ambao mimi nausifu kama mtunzi. Sheria yake ya mwaka 2001 haikutaja ukazi. Ilisema: aliyesoma sekondari ya California miaka mitatu na kuimaliza, asitozwe ada ya ugeni. Basi. Raia aliyesoma pale, akahamia jimbo jingine na wazazi wake, naye anaipata. Waliopinga walikwenda mahakamani wakisema huo ni ukazi uliovishwa baibui, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya California ikawakatalia kwa sauti moja.

Texas ilikuwa imetangulia kwa miezi michache mwaka huohuo wa 2001, na gavana aliyetia saini alikuwa Rick Perry wa chama cha Republican. Sheria ile iliishi karibu miaka 24. Tarehe 4 Juni 2025 serikali ya taifa ilifungua kesi kuipinga, na badala ya jimbo kuitetea sheria yake, saa chache baadaye likakubaliana na mshitaki. Jaji akaifuta siku hiyohiyo. Watu walioamka asubuhi wakiwa wakazi wakalala usiku wakiwa wageni, na hawakuwa wamehama hata chumba.

Na sisi wa huku, tunaoota kwenda? Shida yetu ni ya aina nyingine. Viza ya mwanafunzi hutolewa kwa mtu mwenye makazi katika nchi yake ambayo hana nia ya kuyaacha. Unasimama mbele ya ofisa wa ubalozi, unathibitisha kwamba utarudi. Ada ya mkazi inatolewa kwa mwenye nia ya kubaki. Kinywa kimoja hakiwezi kusema yote mawili, ndiyo maana mwenye viza hiyo kwa kawaida hulipa ada ya ugeni tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata akikaa miaka minne na kujua njia zote za mabasi. Mlango ule usiouliza alama upo, ndiyo. Anayekusifia kijiweni mwulize na bei ya kuingilia.

Wasemaji wa Kiswahili walioingia kwa bei ya mwenyeji ni wengine kabisa. Ni Wakongo na Warundi waliotoka kambi kama Nyarugusu, kule Kasulu, Kigoma, wakapelekwa Marekani kama wakimbizi. Wao hawakuapa kurudi. Sheria yenyewe inawapokea ili wakae, kwa hiyo mwaka wao unaweza kuhesabika. California iliongeza mwaka 2017: mkimbizi ambaye alipoingia Marekani alifikia jimbo hilo asitozwe ada ya ugeni chuo cha jamii wakati akiusubiri huo mwaka. Lakini awe amefikia hapo moja kwa moja. Akishukia kwanza Kentucky, halafu baridi imshinde au ndugu amwite Los Angeles, karani atamwuliza amekaa California siku ngapi, na kuhesabu kutaanzia moja.