Jirani Mkubwa: Mito, Misimu na Kiswahili cha Kongo

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa kiza. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika idara yetu hapa Uganda. Mmoja wao, aliyetoka Lubumbashi, aliandika kwamba masika huanza mwezi wa Novemba na kwamba Juni ni mwezi wa baridi na vumbi. Sentensi zote mbili tulizipiga wino mwekundu, kwani vitabu tunavyofundishia vinasema masika ni Machi hadi Mei. Alikuja ofisini akatueleza kwa upole, "Mwalimu, kwetu mvua inanyesha hivyo." Alikuwa na haki. Sisi ndio tuliokuwa hatujui.

Katika makala haya tungependa kuwajulisha walimu na wanafunzi wenzetu nchi hiyo jirani, hasa sasa ambapo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022.

Kwanza, ukubwa wake. Kongo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,345,000, yaani karibu mara kumi ya Uganda. Ni ya pili kwa ukubwa barani Afrika baada ya Algeria, na imepakana na nchi tisa. Kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na saa za miji hiyo miwili hazilingani: Lubumbashi imetangulia kwa saa moja. Pamoja na ukubwa huo wote, pwani yake kwenye bahari ya Atlantiki haifiki hata kilomita 50.

Pili, hali ya hewa. Ikweta inaikata nchi hii, na hapo ndipo penye siri ya misimu yake. Katikati, kwenye bonde la misitu minene, mvua hunyesha takriban mwaka mzima. Kaskazini, upande wa mto Uele, kiangazi huja kati ya Desemba na Februari. Kusini, katika nyanda za juu za Katanga, mambo ni kinyume: ukame huanza Mei hadi Septemba, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli kweli, kwa kuwa Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki kuna milima na maziwa, kuanzia Ruwenzori, ambao tunachangia nao kilele cha mita 5,109, hadi volkano ya Nyiragongo iliyolipuka mwaka 2002 na tena 2021.

Mto Kongo wenyewe huikata ikweta mara mbili, karibu na Kisangani na tena karibu na Mbandaka. Kwa hiyo upande mmoja ukikauka, upande mwingine unanyeshewa, na maji ya mto hayapungui sana.

Sasa tuje kwenye historia, maana jiografia hii ndiyo iliyoamua Kiswahili kifike wapi. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Unguja na Tabora ilivuka ziwa Tanganyika kupitia Ujiji, ikaweka vituo Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Kutoka hapo wafanyabiashara, akiwemo Tippu Tip, waliteremka na mto hadi kwenye maporomoko ya Boyoma, jirani na Kisangani ya leo. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa pia. Hatuna sababu ya kulificha hilo. Kutoka upande wa pili, jeshi na meli za Mfalme Leopold wa Pili zilipanda mto kutoka Kinshasa, nazo zikaeneza Lingala. Meli kubwa haziwezi kuvuka Boyoma. Hadi leo Kisangani ni mji ambao lugha hizo mbili hukutana sokoni.

Katanga ina historia yake. Msiri, mtu wa Unyamwezi, alijenga ufalme wake Bunkeya kwa biashara ya shaba na pembe, hadi alipouawa na Wazungu mwaka 1891. Kampuni ya Union Minière iliundwa 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910. Migodi iliwakusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi zao. Wakati wa Mobutu jimbo hilo liliitwa Shaba, kwa neno letu wenyewe.

Mipaka ya majimbo nayo imebadilika mara nyingi. Wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960, yalikuwa sita. Katiba ya 2006 iliyataka yawe 26, na hilo lilitekelezwa mwaka 2015. Katanga ya zamani sasa ni Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.

Kwa hiyo mwanafunzi asemapo "batoto" badala ya "watoto", au amwitapo daktari "munganga", tusiharakishe kusema ameharibu lugha. Amekuja na Kiswahili kilichokua kwake kwa zaidi ya miaka mia moja. Kazi yetu ni kumfundisha Kiswahili sanifu kwa ajili ya mtihani na maandishi, bila kumfanya aone haya kwa lugha ya mama yake. Na tusidhani kwamba wa Bunia, wa Bukavu na wa Kolwezi husema namna moja.

Tunapendekeza kila darasa litundike ramani ya Kongo, na kila mwalimu aanze kwa kuuliza: kwenu ni wapi, na mvua yenu huanza lini? Yule mwanafunzi tulimrudishia alama zake mbili. Siku hizi, tukifundisha msamiati wa misimu, tunaanza na insha yake.