Darubini ya watoto

Darubini ya watoto ni darubini ya macho mawili iliyo ndogo na nyepesi kiasi cha kutumiwa na mtoto bila msaada. Neno darubini lina asili ya Kiajemi, dur-bin, yaani "kinachoona mbali". Kwa Kiswahili jina hilohilo hutumika pia kwa chombo kikubwa cha wanaastronomia. Makala hii inahusu ile ya kushika mkononi tu.

Uchaguzi wake una uzito zaidi kwa wanunuzi walio mbali na maduka makubwa. Mfano ni Isongole, kata ya Wilaya ya Ileje katika Mkoa wa Songwe, mpakani na Malawi (isichanganywe na Isongole ya Wilaya ya Rungwe). Barabara ya kutoka huko hadi Mpemba, karibu na Tunduma, ina urefu wa takriban km 50. Anayegundua kasoro akiwa ameshafika nyumbani hulipa nauli mara ya pili, kama muuzaji atakubali kuipokea. Kwa hiyo darubini ikaguliwe kabla ya kulipa.

Namba zilizoandikwa

Kila darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x21. Ya kwanza ni ukuzaji: mnyama aliye umbali wa mita 80 huonekana kama yuko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwale wa mwanga unaoingia jichoni: 8x21 hutoa mm 2.6, na 8x30 hutoa mm 3.75. Mchana tofauti hiyo haisumbui, lakini jioni 8x30 huonyesha picha angavu zaidi.

Wengi hudhani ukuzaji mkubwa ndio ubora. Kwa mtoto ni kinyume. Ukuzaji hukuza pia mtetemeko wa mikono na kwa kawaida hupunguza eneo linaloonekana, hivyo ndege anapotea kabla hajapatikana. Ukuzaji wa mara 6 hadi 8 unatosha. Wa mara 10 uachiwe vijana wakubwa na watu wazima.

Namba hizo pia hudanganya. Darubini za bei ya chini zilizoandikwa 30x60 ni nyingi sokoni. Rula ya shule inatosha kuzipima: kama 60 ni kweli, lenzi ya mbele lazima iwe na upana wa sentimita 6. Ikiwa ni sentimita 2 tu, namba hiyo ni pambo, na hata ile 30 haina sababu ya kuaminiwa. Lenzi zenye rangi nyekundu kama kioo cha taa ya nyuma ya gari hazina faida kwa matumizi ya kawaida. Hubadilisha rangi za vitu.

Uzito na macho

Darubini ya 8x21 mara nyingi huwa na gramu 200 hivi, ilhali ya 10x50 hukaribia kilo moja. Mtoto wa darasa la pili hawezi kuinua kilo moja mbele ya uso kwa muda mrefu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni nafasi kati ya macho. Kwa mtu mzima wastani wake ni takriban mm 63, kwa mtoto wa miaka 5 au 6 ni karibu mm 50. Darubini nyingi za watu wazima hazikunjiki kufikia hapo, na mtoto huishia kutazama kwa jicho moja. Mpe ashike mwenyewe, akunje bawaba taratibu hadi duara mbili ziwe moja. Zisipoungana, haimfai, hata iwe nzuri vipi. Mwenye miwani akunje kwanza mipira ya lenzi za macho.

Ukaguzi dukani ni mfupi. Toka nje, tazama ukingo wa paa au maandishi ya bango lililo mbali kwa dakika moja. Ukiona mistari miwili, au macho yakivutana, mirija haiko sambamba. Kasoro hii huumiza kichwa na si rahisi kuirekebisha. Kwenye mtumba, elekeza lenzi kwenye anga jeupe (si kwenye jua) utafute ukungu, unaofanana na nyuzi za buibui ndani ya kioo. Fedha zikiwa chache, darubini ya jicho moja ni chaguo linalodharauliwa bure: ni nyepesi, na haina tatizo la mirija miwili.

Matumizi

Mtoto afundishwe kukodolea kitu kwa macho matupu kwanza, kisha kupandisha darubini bila kuhamisha macho. Chozi kwenye maua na mwewe juu ya bonde ni mazoezi mazuri. Usiku, darubini ya mara 8 huonyesha kreta za Mwezi, na katika Kilimia, ambapo macho matupu huona nyota sita hivi, hutokea makumi. Mpakani si busara kuielekeza kwenye vituo vya forodha au askari.

Kutazama Jua kwa darubini, hata kwa sekunde moja, kunaweza kupofusha. Retina haihisi maumivu, hivyo mtoto hatajua kuwa anaumia. Wakati wa machweo pia marufuku hiyo ibaki.

Utunzaji

Kamba ya shingoni ivaliwe daima. Vumbi lipulizwe kabla ya kufuta, la sivyo mchanga huchora kioo. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa kinafaa kuliko upindo wa shati. Katika miezi ya mvua ya nyanda za juu, hifadhi darubini ikiwa kavu ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu vipya.