Ebisarate: Shule za vita za Abagusii zilizovunjwa na mkoloni

KABLA ya Mwingereza kutia mguu katika milima ya Gusii, kijana aliyetoka jandoni hakukaa sana katika boma la babake. Alihamia egesarate, yaani kambi ya ng'ombe, akaishi humo na vijana wenzake hadi wakati wa kuoa. Huko ndiko alikojifunza kutumia mkuki na ngao, kulinda zizi usiku na kumwandama adui aliyeiba mifugo. Kambi hizo, ambazo kwa wingi huitwa ebisarate, zilivunjwa na serikali ya kikoloni mnamo 1912 na 1913. Katika kaunti za Kisii na Nyamira hakuna mzee aliyebaki ambaye alipata kulala ndani ya mojawapo.

Chanzo chake kilikuwa hofu. Abagusii walipita nyanda za Kano na Kabianga kabla ya kutulia katika nyanda za juu wanakoishi sasa, na kila walikokwenda walikuta majirani wenye nguvu. Wakipsigis na Wamaasai waliwavamia kuchukua ng'ombe, nao Abagusii hawakuwa watakatifu katika jambo hilo. Hata koo zao wenyewe, Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Bonchari, Machoge na Mugirango, zilivamiana. Ng'ombe alikuwa utajiri na alikuwa mahari. Aliyepoteza mifugo alipoteza pia uwezo wa kumwoza mwanawe.

Kwa hiyo mali haikutawanywa. Wanaume wa ukoo mmoja walikusanya ng'ombe wao pahali pamoja, wakajenga uzio imara, na kuwaweka humo wana wao waliotahiriwa lakini hawajaoa. Nyumbani walibaki wazee, wake, watoto na mashamba ya wimbi. Chakula kilipelekwa kambini kutoka huko, na vijana waliongezea maziwa na damu ya ng'ombe. Mmoja wao aliitwa omomura, na wengi abamura, neno ambalo mpaka leo lina harufu ya ushujaa katika Ekegusii.

Anayetafuta mwalimu mwenye cheo au mitihani ya daraja katika mfumo huu hatampata. Mafunzo yalikuwa maisha yenyewe. Mtoto alianza kwa fimbo ya kuchungia, ambayo ilimzoesha mkono na jicho miaka mingi kabla ya kukabidhiwa chuma. Akiingia kambini alikuta waliomtangulia kwa miaka michache tu, akawaiga, akashika zamu ya usiku, akaitika mwito wa hatari. Uvamizi ndio uliokuwa mtihani, na aliyefeli mara nyingi hakurudi kueleza. Vita vya Saosao, vilivyopiganwa karibu mwaka 1892 na kuwaletea Wakipsigis kipigo kikubwa, vilionyesha kwamba elimu hiyo haikuwa mchezo.

Lakini Saosao haikuwafundisha chochote kuhusu bunduki ya rashasha. Mwaka 1905 kikosi cha King's African Rifles kilitumwa Gusii na kuua watu zaidi ya mia moja waliokuwa na mikuki. Mnamo 1907 kituo cha serikali kikafunguliwa mahali ulipo mji wa Kisii, chini ya G.A.S. Northcote. Januari 1908, Otenyo wa Kitutu, akichochewa na mwaguzi Moraa, alimchoma Northcote mkuki. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Abagusii ndio walioumia: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa na watu wakauawa kwa wingi, kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni mjini London, alipeleka simu kulalamikia mauaji hayo ya watu wasio na kinga.

Maafisa walijua wanachokifanya walipozigeukia ebisarate miaka minne baadaye. Mkuki ukinyang'anywa mhunzi atafua mwingine. Kambi ikivunjwa, hakuna tena pahali ambapo kijana wa miaka kumi na minane anajifunza kwa yule wa ishirini na mitano. Vijana walirudishwa katika maboma ya baba zao, ng'ombe wakagawanywa, na katika muda wa kizazi kimoja maarifa yale yakawa hadithi za jioni.

Tofauti ya hali hiyo na yaliyotokea Ufilipino inastahili kutazamwa. Huko kuna sanaa ya kupigana kwa fimbo iitwayo arnis, eskrima au kali. Mwanafunzi huanza na fimbo ya henzirani yenye urefu wa sentimita 70 hivi, na mwendo anaojifunza kwa fimbo ndio ule ule wa panga au kisu. Wahispania walitawala visiwa hivyo kuanzia 1565 hadi 1898 bila kuizima. Mafunzo yalikaa uani, kati ya baba na mwana, mjomba na mpwa, ambapo hapakuwa na uzio wa kubomolewa wala kambi ya kupigiwa marufuku. Baadaye yakatoka hadharani. Chama cha Doce Pares kiliundwa Cebu mwaka 1932. Remy Presas akaupanga upya ufundishaji ili ufae shuleni, na Desemba 2009 Rais Gloria Macapagal Arroyo akatia saini sheria nambari 9850 inayoitambua arnis kuwa sanaa ya kujihami na mchezo wa taifa.

Hata karibu nasi fimbo haijafa. Lamu wanaume bado hucheza kirumbizi kwa ngoma na zumari katika harusi na Maulidi. Tahtib ya Misri iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016. Michezo hiyo ilipata hifadhi katika sherehe. Egesarate haikuwa na sherehe ya kujifichia. Kazi yake ilikuwa vita, na vita vilipopigwa marufuku ikabaki bila udhuru.

Pengo lake lilijazwa vibaya. Katika mapigano ya mpakani kati ya Borabu na Sotik, mwaka 1992 na tena 2008, mishale na mikuki ilirudi mikononi mwa vijana. Kundi la Chinkororo, lililojitangaza kuwa mlinzi wa jamii, lilikuwa miongoni mwa makundi 33 yaliyoharamishwa na serikali mwaka 2010. Wapo wanaoliona kuwa mrithi wa abamura. Mwandishi huyu hakubali. Omomura wa zamani alilinda zizi ambalo ng'ombe wake alijulikana ni wa nani, chini ya macho ya wazee wa ukoo, na siku ya kuoa aliondoka kambini kwenda kuanza mji wake. Kundi la siku hizi halina mzee wa kulikemea wala siku ya kuhitimu.

Ng'ambo ya mpaka, Waganda wana neno linalofanana ajabu na hili: ekisaakaate, ua wa mtawala ambamo watoto walilelewa na kufunzwa adabu. Mwaka 2007 Nnabagereka Sylvia Nagginda alilifufua kama kambi ya likizo ya vijana, bila mikuki. Gusii haijafanya hivyo. Kilichosalia ni esaiga, nyumba ndogo ya mvulana aliyetahiriwa, inayojengwa katika boma la babake, mahali ambapo maafisa waliwarudisha abamura.