Bagamoyo Iliyoteremka Kutoka Uluguru

Mvua ikipiga usiku kwenye miteremko iliyo juu ya Bigwa, Morogoro, asubuhi kijito chetu hushuka kikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Huingia Ngerengere, na Ngerengere huizunguka Morogoro kwa kaskazini, ikapinda kwenda mashariki hadi kuungana na Ruvu. Ruvu nayo, iliyokwisha kupokea maji ya upande wa pili wa milima, hushika njia ya pwani na kumwagikia baharini kaskazini kidogo mwa Bagamoyo. Wasafiri wa karne ya 19 waliuita mto huo Kingani sehemu ya chini. Mluguru anayelima juu ya Bigwa na mvuvi anayetega nyavu Bagamoyo hawajuani, lakini udongo wa mmoja humfikia mwenziwe kila masika.

Siku hizi Bagamoyo kuna safari za kuongozwa majini. Mgeni hupakiwa kwenye mashua au ngalawa, akapelekwa fungu la Mwambakuni akavae miwani na mrija wa kupumulia, atazame matumbawe. Au hupelekwa kwenye mdomo wa Ruvu, akaone mikoko, ndege na viboko. Katika fukwe nyingine za Tanzania zimeingia pia kayaki za plastiki, vyombo vyembamba vya kafi yenye ncha mbili, ambavyo asili yake ni watu wa nchi za barafu walioviunda kwa ngozi ya sili. Nimezipenda safari hizi kwa sababu moja kubwa: Bagamoyo inayosimuliwa katika vitabu vyetu vya shule ni ya nchi kavu, ya boma, minyororo na misafara. Ukiitazama kutoka majini inasema mengine, na mengi ya hayo yametoka huku kwetu.

Kusafiri pwani hii kwa kafi si jambo la jana. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 kinataja watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliokuwa na mitumbwi ya gogo moja na vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Kinasema vyombo hivyo vilitumika kuvulia samaki na kukamatia kasa. Mtumbwi wa gogo bado upo. Ngalawa, ambayo ni mtumbwi uliofungiwa matengo mawili ubavuni ili usipinduke, bado huchongwa kwa mwembe na bado hutoka alfajiri kwa tanga. Kwa hiyo mgeni anayepiga kafi leo kwenye maji haya anafanya kazi ya kale sana, tofauti ni kwamba yeye halazimiki kurudi na samaki.

Kilomita 5 hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo kuna Kaole. Hapo ndipo pa kuanzia kwa anayetaka kujua bahari inavyoweza kuumba mji na kuuacha. Magofu ya Kaole ni misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, na msikiti wa zamani zaidi huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Makaburi mengine yana nguzo ndefu, na katika moja ya nguzo hizo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China. Kaburi linaloitwa la Sharifa bado huzuriwa na watu wanaoomba dua. Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyekuwa akisimamia mambo ya kale Tanganyika, alifanya kazi hapo.

Anayefika Kaole kwa gari hujiuliza bandari ilikuwa wapi, kwa maana mbele ya magofu ni mikoko tu. Anayefika kwa mtumbwi wakati maji yamejaa hupata jibu mwenyewe. Hupita kwenye mifereji kati ya mizizi ya mikoko, mlilana ukiwa mbele baharini na mchu nyuma yake. Anaona jinsi tope lilivyojikusanya, miti ikalikamata, likanenepa zaidi. Mahali palipotia nanga majahazi pamekuwa msitu. Maji yakipwa siku za bamvua, bahari hurudi nyuma mbali sana, na chombo kilichochelewa kutoka hukaa juu ya matope mpaka maji yarudi. Nahodha wa hapa hapangi safari kwa saa ya ukutani. Kwanza huhesabu mwezi.

Juni 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walitua Kaole wakitokea Unguja. Kikosi cha askari Mabaluchi wa Sultani wa Unguja kilikuwa hapo, na Bagamoyo ilikuwa imekwisha kuanza kuipokonya Kaole umaarufu. Njia waliyoifuata inatuhusu sana watu wa Bigwa. Walipandisha na bonde la Kingani, wakashika Mgeta, wakafika Zungomero, kituo kikubwa cha misafara katika nchi ya Wakutu, upande wa Kisaki. Leo barabara ya kwenda huko inaanzia hapa hapa Bigwa: unapita Matombo, unapita Mvuha, unaangukia Kisaki. Kila asubuhi abiria wanapanda magari pale njia panda kuelekea mahali ambapo karne moja na nusu iliyopita misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikikutana, na sioni kibao wala alama inayowaambia. Burton aliandika kwa urefu jinsi nchi hiyo ilivyokuwa imeumizwa na wavamizi wa watumwa, vijiji vimechomwa na watu wametawanyika. Jina alilolitaja katika uvamizi huo ni Kisabengo.

Kisabengo huyo, mtu wa asili ya Kizigua, ndiye aliyejenga mji wenye ukuta katika eneo ambalo sasa ni Morogoro. Mji uliitwa Simbamwene, jina lililobebwa pia na binti yake aliyemrithi. Mwanahabari Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo Machi 21, 1871 kumtafuta mmisionari Livingstone, hakupita Zungomero. Alishika njia ya kaskazini zaidi, kupitia Kikoka, Rosako, Kingaru na Mikese, akaingia Simbamwene. Alishangazwa na kuta za mawe na minara yake. Biashara ilikuwa imeanza kuhamia njia hiyo, na Zungomero ikafifia.

Halafu maji yakaamua. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na pwani ya Bagamoyo, vyombo vikavunjika na minazi ikalala chini. Mvua ile ile iliingia bara. Stanley aliporudi baada ya kuonana na Livingstone aliukuta mji wa Simbamwene umebomolewa na mafuriko, kuta zimeanguka, na bonde lote la Ngerengere limesombwa. Alifika Bagamoyo Mei 6. Sijui tukio jingine linaloonyesha wazi hivyo kwamba Morogoro na Bagamoyo ni kitu kimoja: dhoruba moja, mto mmoja, hasara upande huu na upande ule.

Tunapozungumzia safari za kuongozwa, tumkumbuke kirangozi. Katika misafara ya bara huyo ndiye aliyetangulia mbele, akijua visima viko wapi, hongo, yaani kodi ya kupita, inalipwa kwa nani na wapi pa kulala. Nyuma yake walifuata wapagazi, wengi Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 na zaidi: pembe wakishuka, na wakipanda, nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba. Wazungu walioandika vitabu walijiita wagunduzi, ilhali waliongozwa hatua kwa hatua na watu wanaoijua njia. James Chuma na Abdullah Susi ndio waliokuwa vinara wa kundi lililobeba maiti ya Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Iliwekwa kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, kisha ikachukuliwa na meli ya Waingereza hadi Unguja. Kijana anayempeleka mgeni Mwambakuni leo ana nasaba ndefu ya kazi. Ningependa alipwe na aheshimiwe kulingana na nasaba hiyo.

Rudi majini. Ukikaa kwenye chombo umbali wa nusu saa ya kafi kutoka ufukweni, utaelewa kwa nini Bagamoyo ilishindwa na Dar es Salaam. Bahari ya hapa ina kina kifupi. Meli kubwa hazikuweza kukaribia. Zilitia nanga mbali, na mizigo ikashushwa kwa mashua, kisha ikabebwa na watu waliotembea ndani ya maji. Katika maji haya haya, Septemba 1888, meli ya kivita ya Kijerumani iliyoitwa Leipzig ilishusha askari wake kupigana na watu wa Bagamoyo waliokuwa wamesimama dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Abushiri bin Salim aliongoza vita hivyo, na upande wa Saadani alisimama Bwana Heri. Hermann von Wissmann aliletwa na jeshi la kukodiwa mwaka 1889, akaivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo mwezi Mei. Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishiwa Dar es Salaam, kwenye bandari ya maji marefu.

Pigo la mwisho lilitoka kwa reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 garimoshi likafika Morogoro. Tangu hapo mzigo wa bara haukuwa na haja ya kupita Bagamoyo. Mji wetu ukakua, ule ukanyauka. Hata Kanisa lilifuata mkondo huo: jimbo lililobeba jina la Bagamoyo tangu mwaka 1906 likageuka Jimbo la Morogoro mwaka 1953.

Kilichobaki kuunganisha miji hii miwili ni mto, na mto unabeba udongo. Hapa historia ya Bigwa inaingia chini ya miwani ya mzamiaji. Matumbawe ni viumbe hai. Yanahitaji mwanga, na tope likiyafunika yanakosa hewa na mwanga. Serikali ya kikoloni iliona mapema kwamba Uluguru inamomonyoka. Mwaka 1950 ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali, kwa sheria na faini. Kazi ilikuwa nzito, sehemu nyingi matuta yaliinua udongo usio na rutuba, na watu hawakuulizwa. Mwaka 1955 hasira ililipuka Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu akafa, na mpango ukavunjika. Nadhani kosa lile lilituumiza mara mbili, kwa sababu baada yake hata ushauri mzuri wa kuhifadhi udongo ulisikika masikioni mwa wengi kama amri ya mkoloni. Msitu wa juu ulikuja kutangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, lakini mashamba yaliyo chini yake ndiyo yanayotoa tope zaidi, na wenye mashamba hayo wanaishi kwa ndizi, mboga na magimbi ya pale pale. Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Ni haki mji huo ukachangia kuutunza mlima.

Bahari nayo ilipata maumivu yake yenyewe. Uvuvi wa baruti ulienea pwani ya Tanzania kuanzia miaka ya 1960, ukapigwa marufuku mwaka 1970, lakini milipuko iliendelea kusikika kwa miongo mingi baadaye. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo na kuvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, matumbawe ya pwani nzima ya Afrika Mashariki yalipauka na mengi yakafa. Kwa hiyo mgeni anayeinamisha uso majini hapa ataona vipande vilivyovunjika, na juu ya vipande hivyo matumbawe machanga yakishika mizizi mipya. Ataona pono wakitafuna mwamba, vitatange wa manjano wawili wawili, kiti cha pweza kimelala juu ya mchanga, na akiwa na bahati, pweza mwenyewe akibadili rangi. Kusini kidogo, Mlingotini, ataona wanawake ndani ya maji ya magoti wakishughulikia kamba za mwani, kazi iliyozipa kaya nyingi fedha ambazo uvuvi haukuzitoa tena.

Kwa anayetoka Bigwa njia ni rahisi: basi hadi Chalinze, kisha Msata, kisha lami ya kilomita 64 mpaka Bagamoyo. Walimu wa historia na wa jiografia wangeweza kuipanga safari hii pamoja, mmoja akifundisha Kaole na mwenzake akifundisha mto. Epukeni masika, Machi hadi Mei, kwa kuwa maji huwa machafu na nyote mnajua yanatoka wapi. Kaskazi ikiwa imetulia, kati ya Novemba na Februari, bahari huwa safi zaidi. Ulizeni kwanza siku za mwezi: Kaole kwa mtumbwi inataka maji yaliyojaa, na fungu la Mwambakuni linataka maji yaliyokupwa. Kila mwanafunzi avae jaketi la kuokolea maisha, hata anayejisifu kuogelea, na mtoto asiye na uzoefu wa bahari aanzie kwenye maji ya kiunoni huku ameshikwa mkono. Na mwongozaji akimaliza kueleza habari za Abushiri na Livingstone, mwombeni awapeleke mpaka kwenye mdomo wa Ruvu.