Jembe na Lugha: Historia ya Masomo Mawili Yaliyodharauliwa Nchini Uganda

Yako masomo mawili ambayo historia ya shule za Uganda imeyapitisha katika njia moja, ingawa ni nadra yatajwe pamoja. Masomo hayo ni kilimo na Kiswahili. Yote mawili yalihimizwa na watawala kabla wazazi hawajaridhika nayo. Yote mawili yalipata sifa mbaya machoni pa watu. Na yote mawili yaliendelea kuishi nje ya darasa hata pale shule zilipoyapa kisogo. Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi, tukiutazama mtaa mmoja wa Kampala, nao ni Namuwongo, kisha tuulize ni kazi gani inayomngoja mwalimu wa Kiswahili.

Namuwongo ni mtaa ulio katika sehemu ya Makindye, chini ya kilima cha Muyenga chenye majumba ya wenye nacho, jirani na eneo la viwanda. Reli yapita hapo, na kando yake vibanda vimesongamana. Ng'ambo ya reli kuna kinamasi cha Nakivubo, ambacho hupokea maji machafu ya mji kwa njia ya mfereji na kuyapeleka katika Ghuba ya Murchison, Ziwa Viktoria. Zamani kinamasi hicho kilifunikwa na mafunjo. Baadaye sehemu yake kubwa ililimwa magimbi, ambayo Waganda huyaita mayuni, pamoja na miwa. Basi hapa, katikati ya mji mkuu, kilimo ni riziki ya watu wasio na shamba lingine.

Tukirudi nyuma, tutaona kwamba kilimo cha kufundishwa kilianza Uganda kikiwa na shabaha ya biashara. Mwaka 1903 Kenneth Borup, aliyekuwa mmisionari wa Kanisa la Kianglikana, alileta mbegu za pamba, nazo zikagawiwa kwa wakulima kupitia machifu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey wa Ghana ya leo, ilizuru Afrika ya Mashariki. Ripoti yake ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ishikamane na kilimo, afya na maisha ya kijijini. Ushauri huo haukuwa na ubaya wenyewe. Lakini mzazi aliyemwona karani akilipwa mshahara kwa sababu ya kalamu alikuwa na haki ya kuuliza: kwa nini mtoto wangu apelekwe shule akafundishwe jembe, ilhali jembe analo nyumbani?

Wakati huohuo Kiswahili nacho kilifikia njia panda. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kwamba Kiswahili kienezwe katika elimu na utawala wa sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa alikipinga waziwazi mwaka 1929, na viongozi wa makanisa wakawa upande wa wapinzani. Yafaa tusiwahukumu kwa pupa. Waganda wengi waliona kwamba lugha hiyo ingewaunganisha na Kenya, nchi ambayo ardhi yake nzuri ilikuwa imetwaliwa na walowezi. Kwa hiyo jembe la shuleni na lugha ya jirani viliogopwa kwa sababu iliyofanana: vyote viwili vilidhaniwa kuwa kamba ya kumfunga Mwafrika mahali alipo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, Tume ya Castle ya mwaka 1963 ilitilia mkazo upanuzi wa sekondari na ikataka mafunzo ya kilimo na ufundi yaheshimiwe. Nchi jirani nazo zilikuwa zikijaribu njia zao. Kule Kenya, shule ya Chavakali ilijulikana kwa kukifanya kilimo kuwa somo la sekondari lenye maarifa na vitendo. Nchini Tanzania, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na shamba la shule likawa sehemu ya elimu yenyewe. Hata hivyo, katika shule nyingi za eneo letu desturi moja mbaya iliendelea: mwanafunzi aliyechelewa au aliyekosa adabu alipewa jembe akalime. Mtoto aliyefunzwa kwamba kulima ni adhabu angelipendaje somo la kilimo?

Kiswahili nacho kilipatwa na msiba unaofanana na huo. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini wananchi wengi walikisikia zaidi kwa askari wenye bunduki. Lugha ikabebeshwa makosa ya wasemaji wake. Miaka hiyohiyo uchumi ulianguka, mishahara ikawa haitoshi hata kwa chakula, na neno moja la Kiswahili, magendo, likaenea nchi nzima kwa sababu lilitaja maisha yenyewe. Hapo ndipo wakazi wengi wa Kampala, pamoja na makarani na walimu, waliposhika majembe na kupanda mihogo, ndizi na viazi popote palipokuwa na nafasi. Dharau ya darasani haikuweza kushindana na njaa.

Lakini kulima kwa dhiki si sawa na kulima kwa maarifa. Mkulima wa Nakivubo anahitaji kujua kwamba wataalamu wamekuta metali nzito katika udongo na mazao ya kinamasi hicho. Mwenye mihogo anahitaji kujua habari za batobato, ugonjwa ambao tangu mwaka 1988 uliangamiza mihogo katika sehemu nyingi za Uganda, unaoenezwa na inzi weupe na kwa kupanda vipando vyenye ugonjwa. Mwenye kuku wachache uani anahitaji kujua kwamba mdondo huzuiwa kwa chanjo, wala si kwa dawa baada ya kuku kuanza kufa. Mwenye ng'ombe mmoja wa ndani anahitaji kujua wakati wa kukata mabingobingo kabla hayajakomaa yakawa magumu, na kwamba ndigana kali huletwa na kupe. Mwaka 2006 Baraza la Jiji la Kampala lilipitisha sheria ndogo zilizokitambua kilimo cha mjini na kukiwekea masharti. Hayo yote hufundishwa na kuandikwa zaidi kwa Kiingereza, ilhali huko Namuwongo Waganda, watu wa kaskazini na wageni kutoka Kongo na Sudan wanakaa pamoja, kila mmoja na lugha ya mama yake.

Katika jambo hili Kiswahili si maskini. Lugha yetu inayo sotoka, jina la maradhi yaliyoangamiza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, ambayo mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba yametokomezwa. Inayo kimeta na chambavu, samadi na mboji, kitalu na matandazo. Neno josho limetokana na kuosha, na malisho yametokana na kulisha. Mwanafunzi akiyajua hayo amejifunza unyambuaji na ufugaji kwa pamoja. Kadhalika mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, wingi wake ni mitamba, lakini twasema mitamba hawa wamechanjwa, wala si mitamba hii imechanjwa. Mwalimu aliyechoka kueleza upatanisho wa viumbe kwa mifano ileile ya vitabuni atapata hapa mfano ulio hai.

Hali ya shule nayo imebadilika. Badiliko la Katiba la mwaka 2005 lilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, nacho kilimo kikawekwa miongoni mwa masomo ya kuchagua. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maana yake ni kwamba mtoto ambaye hakuchagua kilimo bado atakaa mbele ya mwalimu wa Kiswahili. Ikiwa mama yake hulima magimbi kinamasini, huenda ufahamu, insha na imla za Kiswahili ndizo nafasi pekee atakayopata ya kusoma habari za udongo, lishe na maradhi ya mifugo kwa lugha ambayo jirani yake anaweza kuielewa.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Tunapendekeza kwa walimu wenzetu mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu wa Kiswahili akae na mwenzake wa kilimo, wakusanye maneno ya mazao, malisho na maradhi yanayotumika katika mtaa wa shule yao, na kuyalinganisha na ya Kiswahili sanifu. Pili, vifungu vya ufahamu vitungwe kutokana na kazi za wazazi wa wanafunzi, wala visiwe habari za mbali tu. Tatu, na hili halihitaji mtaala wala fedha, tuache kabisa kumpa mwanafunzi jembe kwa sababu amekosa.