Mfupa wa Sindano

Mfupa wa sindano ni tishu mpya ya mfupa inayooteshwa kwa kudunga seli hai, peke yake au ndani ya kibebeo laini, mahali penye pengo. Hulengwa hasa mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga. Matibabu yaliyozoeleka ni kumega mfupa wa nyonga ya mgonjwa na kuupandikiza. Hufaa sana, lakini humwachia kidonda cha pili, na nyonga yenyewe haina mfupa wa kumegwa siku zote.

Mwaka 1965 Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha kuwa mfupa ulioondolewa madini, ukiwekwa ndani ya msuli, huotesha mfupa mpya hapohapo. Karibu na wakati huo Alexander Friedenstein, mjini Moscow, alibaini kuwa uboho una seli zinazoweza kujenga mfupa.

Ushahidi wenye uzito kwa wagonjwa ulitolewa Ufaransa na Philippe Hernigou mwaka 2005. Uboho ulifyonzwa nyongani, ukazungushwa kwa kasi mashineni ili seli zake zikusanyike, kisha ukadungwa kupitia ngozi hadi kwenye ufa wa muundi. Kati ya miundi 60 iliyokataa kuunga, 53 iliunga. Ile saba iliyoshindikana ilikuwa imepata chache mno za seli tangulizi, yaani zile zinazoweza kujenga mfupa. Kwa hiyo kudunga tu hakutoshi: idadi ya seli ndiyo inayoamua.

Uboho mtupu huchuruzika na kutawanyika, ndiyo maana watafiti hutafuta jeli ya kuushikilia. Kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, huweza kutengenezwa ikawa majimaji kwenye baridi na kuganda kwa joto la mwili. Alginati ya mwani wa kahawia hugandishwa na kalsiamu. Saruji ya kalsiamu fosfati ni imara zaidi, ila seli zikichanganywa nayo moja kwa moja hufa kwa urahisi. Kwa hiyo seli hufunikwa kwanza ndani ya vitone vya alginati.

Kikwazo kikubwa ni damu. Seli iliyo mbali na kapilari (mshipa mwembamba wa damu) kwa zaidi ya takriban mikromita 200 hukosa oksijeni, hivyo kiini cha pengo kubwa hufa mapema. Ndiyo sababu baadhi ya watafiti huongeza seli za kuta za mishipa ya damu. Jeli yenyewe pia haibebi uzito. Mguu huhitaji chuma au plasta mpaka osteoblasti, yaani seli zinazojenga mfupa, zitandaze kolajeni na kuijaza madini.