Kutoka Kompyuta Kuu hadi Kompyuta Pepe: Suala la Akidi kwa Mfano wa Alunguli

Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, una komuni tatu. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa mto Lualaba. Alunguli iko ng'ambo, peke yake. Kwa mtu anayetaka kuunganisha seva za kingo hizo mbili ziwe kundi moja, jiografia hiyo huibua swali zito: mawasiliano yakikatika, ni upande upi wenye haki ya kuendelea na kazi?

Chimbuko la kompyuta pepe ni uhaba. Mwaka 1967, katika kituo cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, ulianza kutumika mfumo wa CP-40, ambao uliigawa kompyuta kuu moja hata kila mtumiaji akajiona ana mashine yake kamili. Mwaka 1972 wazo hilo liliingia sokoni kwa jina la VM/370, na mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakabainisha masharti ambayo mashine yapaswa kuyatimiza ili igawike vyema. Kompyuta ndogo zilizoenea baadaye hazikuyatimiza. VMware iliukwepa upungufu huo kwa werevu wa programu mwaka 1999, na msaada wa vichakataji wenyewe ukaja mwaka 2005 na 2006. Mwaka 2007 uwezo huo uliingizwa katika kiini cha Linux kwa jina la KVM, na mwaka uliofuata Proxmox ya Vienna ikatoa jukwaa lililojengwa juu yake.

Neno "pepe", lililokwisha kuzoeleka katika barua pepe, lafaa hapa kwa nusu tu. Kompyuta pepe haina mwili, lakini kumbukumbu inayoitumia ni ya kweli, nayo huisha.

Kuiunda ni kazi fupi. Fundi hupakia faili la usakinishaji wa Linux, hugawa vichakataji, kumbukumbu na diski, kisha huiwasha. Maswali ya kwanza ya Linux ni ya lugha na mahali. Fundi wa Maniema akichagua saa za Kinshasa, kumbukumbu zote za matukio zitaonekana zimechelewa kwa saa moja. Hana budi kuchagua Lubumbashi. Kuhusu lugha, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba kazi hiyo. Hata hivyo, msomi wa Alunguli, ambaye shuleni alifundishwa kwa Kifaransa na nyumbani husema Kiswahili cha Kongo, hakuwa ndiye aliyelengwa hasa.

Ugumu uko katika kundi. Kiswahili kina neno tayari, nalo ni akidi: idadi ya wajumbe inayokihalalisha kikao. Tofauti ni kwamba katika mikutano mingi nusu ya wajumbe hutosha, ilhali katika kundi la seva nusu ni hatari, kwa kuwa nusu ya pili nayo yaweza kudai kuwa ndiyo kikao. Kwa hiyo hutakiwa zaidi ya nusu.

Tuseme seva moja iko Kasuku na nyingine Alunguli. Kiungo cha kuvuka mto kikikatika, kila moja ina kura moja kati ya mbili, na hakuna yenye akidi. Kompyuta pepe zilizokwisha kuwashwa zaweza kuendelea, ila mipangilio hufungwa isibadilishwe, wala mpya haiwashwi. Mafundi wasio na subira huipunguza akidi kwa amri moja, kila upande kivyake. Hapo ndipo daftari moja la ada za wanafunzi huanza kuandikwa pande zote mbili, na mto ukiunganishwa tena yapo madaftari mawili yasiyopatana, kila moja likiwa na malipo ambayo jingine halina.

Dawa inayojulikana ni kura ya tatu, inayoweza kutolewa na kompyuta ndogo isiyobeba kazi nyingine yoyote. Bei yake si kikwazo kikubwa. Mzozo ni mahali pa kuiweka. Ikiwekwa Kasuku, kila kiungo kinapokatika Kasuku huendelea na Alunguli husimama, hata kama wanaoitumia huduma wengi wako Alunguli. Ikiwekwa Alunguli, mambo hugeuka. Hata ikiwekwa nje ya Kindu, ukingo utakaobaki na njia ya kuifikia ndio utakaopata akidi.